Shati Lililopigiwa Magoti

"Chai yako kaa nayo! Mtu aliyenivua nguo mbele ya kadamnasi, chai yake nitaimeza kwa koo lipi?"

Federesi Nabbosa alisimama katikati ya ua wa Kevina, mikono imetapakaa unga wa muhogo mpaka viwikoni. Donge lake aliliacha kwenye beseni kabla halijakandika, akatoka vivyo hivyo, leso kiunoni, akapita mbele ya maduka ya Nyendo yaliyokuwa ndiyo kwanza yanafungua milango, bila kumsalimia mtu. Na kwa Muganda kupita watu bila kuwasalimia, ujue mambo yamefika pabaya.

Kevina alikuwa na birika mkononi na aibu usoni. Birika ndilo lililoonekana zaidi.

"Maama Robina, shusha sauti, munnange, rafiki yangu. Majirani."

"Majirani! Leo ndio umewakumbuka? Jana ulipoikumbatia ile maikrofoni kama kichanga, spika iko juu ya paa imeelekea sokoni, majirani walikuwa wamehamia Kampala?"

"Sikutaja jina la mtu."

"Hukutaja jina! Ukimnyonyoa kuku ukamtupa barabarani, unahitaji kutangaza jina lake? Lile shati ni langu, Kevina. Duniani hapa watu wawili tu ndio wanaojua habari ya lile shati. Mmoja ni mimi, na mimi sikusema."

Kule kwenye ua wa pili mke wa fundi baiskeli aliacha kufagia. Aliegemea ufagio wake kwa adabu kabisa, kama mtu aliyekuja ibadani.

Wanawake hawa wawili walikuwa wamepita pamoja katika mengi kabla ya asubuhi ile. Federesi alikaanga kabalagala, yale maandazi bapa ya ndizi mbivu na unga wa muhogo, mlangoni mwa banda la video la Mboowa tangu mwanawe Robina akiwa mgongoni. Banda lenyewe lilikuwa mbao na mabati, mabenchi yanayochana sketi, pazia jeusi mlangoni na televisheni moja mbele. Filamu zilikuja na lugha zao, Kiingereza, Kihindi, Kichina, na Mboowa alikaa pembeni na maikrofoni yake akiwatafsiria watu kwa Kiganda. Kutafsiri ni neno la heshima tu. Kiingereza cha Mboowa kiliishia pale alipoishia shule, na palikuwa mapema. Alichokielewa alikisema, asichokielewa alikitunga, na hicho cha kutunga ndicho watu walichokuja kukisikiliza. Mzungu akiruka kutoka ghorofani, kwa Mboowa alikuwa mkwe wa mtu wa Nyendo anayekimbia mahari.

Kevina aliuza karanga sokoni. Watu walimwita Nnaalongo, kama anavyoitwa kila mwanamke aliyezaa mapacha, ila Federesi alimwita Kevina tu, maana walisoma darasa moja kwa masista na siku moja wakiwa wasichana walipasua buni moja ya kahawa, wakatafuna kila mmoja mbegu yake. Wazee wa zamani walifanya hivyo kwa kuitia damu, wakawa ndugu mpaka kaburini. Hawa wawili damu waliiogopa, wakatia mate. Sista akawachapa kwa kutafuna darasani, wakahesabu kwamba viboko vimetosha badala ya damu.

Tangu waolewe, kikapu kimoja kidogo cha buni, chenye kifuniko, kilikuwa kinatembea kati ya nyumba zao. Huko hakuna mtu anayerudisha chombo cha watu kikiwa kitupu. Kevina akikileta na karanga, Federesi alikirudisha na kabalagala, na kila mara aliyekirudisha aliongeza kidogo juu ya alichopewa, hivyo daima palikuwa na anayedaiwa. Deni lile halikuisha, na hakuna aliyetaka liishe.

Mchana, soko likipoa, Kevina alikuja kukaa kwenye kigoda kando ya jiko la Federesi, wakatazama filamu kwa upenyo wa pazia. Hapo ndipo Federesi alipolizaa lalamiko lake kubwa la maisha.

"Angalia hao," alisema, mwiko mkononi. "Wanakumbatiana. Sasa subiri. Mmoja kati ya hao ana sumu kwenye mkoba."

"Mwenye nywele ndefu," Kevina alisema.

"Mwenye nywele ndefu ndiye atakayekufa. Sumu anayo huyu mpole."

Na kweli ilikuwa hivyo. Ziwe filamu za Nigeria, ziwe za Wahindi, ziwe hata hizi za kwetu zilizopigwa Kampala, wanawake wawili wakiwekwa chumba kimoja, mmoja alikuwa anamwibia mwenzake mume, na wasipoibiana walikuwa wanamzungumza mume huyo huyo. Wanaume walikuwa na marafiki. Mwanamume alipigwa risasi akamfia rafiki yake mikononi, na banda zima likalia. Mwanamke alikuwa na wake wenza, mawifi na wachawi.

"Ina maana hawa watu hawajawahi kuona wanawake wawili wanachambua karanga?" Federesi aliuliza.

"Wangetuweka sisi kwenye filamu," Kevina alisema, "ningekuwa nimeshakuibia Ssekitto."

"Ssekitto? Nani wa kumwiba? Hata mwizi ana macho."

Wakacheka mpaka mafuta yakaungua.

Mume wa Federesi, Lawrensio Ssekitto, wakati huo alikuwa ameshaondoka siku nyingi. Alikwenda Lyantonde kununua ng'ombe, ng'ombe hakurudi, na yeye hakurudi, ila habari zilirudi: yuko na mwanamke mwenye hoteli barabarani. Aliacha shati jeupe kwenye msumari. Na Federesi, huyu huyu mwenye mdomo wa kukata kuni, alilifua lile shati, akalipiga pasi ya mkaa kila Jumamosi, akalitundika mlangoni. Asubuhi alipiga magoti mbele yake, kama mke anavyomwamkia mumewe, akalisalimu kwa wingi wa heshima, kama bwana mwenyewe: "Ssebo, mmeamkaje?" Alijua ni wazimu. Lakini magoti yalikuwa yamezoea, na nyumba ilikuwa kimya mno.

Kevina alimfuma. Alikuja kuomba kaa la moto akamkuta chini, mbele ya shati. Hakucheka. Hakusema pole. Aliweka kigae chake chini, akapiga magoti pale pale kando ya mwenzake, na goti lake la kushoto ni bovu tangu zamani, akaliambia shati kwa sauti ya adabu: "Ssebo, sisi wake zako tumekuja kukuaga. Safari njema. Msalimie ng'ombe."

Kisha akalishusha. Wiki ile ile walilitumia kuchujia maji ya ndizi ya ubatizo wa mtoto mmoja wa jirani. Yalipokuwa yakidondoka kwenye sufuria, Kevina alisema, "Leo ndiyo mara ya kwanza Ssekitto anafanya kazi ndani ya nyumba hii." Federesi alicheka mpaka akakaa chini. Ndiyo siku aliyopona, na alijua nani alimponya.

Hilo lilikaa baina yao miaka yote. Hata Robina hakuambiwa.

Kevina alikuwa na kipaji cha sauti. Harusini na matangani alimwigiza padri, akamwigiza diwani, akamwigiza mbuzi wa diwani. Mboowa naye sauti yake ya kike ilikuwa mlio wa bawaba isiyo na mafuta, wanawake wa sokoni wakamzomea, na ndipo alipomwomba Kevina awe anakuja kuwasemea wanawake wa kwenye filamu. Kevina alisitasita. Aliyemsukuma ni Federesi.

"Nenda! Angalau mle ndani atakuwemo mwanamke mmoja wa kweli."

Basi akaenda. Na akapendwa. Watu walianza kumwita Nnaalongo wa Spika, na mtu aliyezoea kuitwa "wewe wa karanga" akisikia jina kama hilo, shingo yake hunyooka. Shingo ya Kevina ilinyooka.

Jumapili ile ilikuja filamu ambayo hata Mboowa hakuijua kichwa wala mkia. Wanawake wawili Wazungu, wa umri wa kati, kwenye nyumba ya mbao katikati ya theluji. Mmoja amevunjika mguu. Mwingine anamlisha, anamwosha, anapasua kuni. Mwanamume hakuna, bunduki hakuna, mchawi hakuna. Federesi alikuwa mlangoni anageuza kabalagala, na alipochungulia akasahau kugeuza. Alisema moyoni: hatimaye. Ndio hawa.

Walikuwa wanazungumza, wale Wazungu, polepole, saa nzima wanazungumza. Watu wakaanza kukohoa, benchi likalia. Mboowa akaziba maikrofoni kwa kiganja akamnong'oneza Kevina, "Tia chumvi, Nnaalongo, wananitoka." Na Kevina akatia. Mwanamke wa mguu akafungua kinywa kule kwenye televisheni, na kwa Kiganda safi cha Nyendo spika ikatangaza mpaka sokoni: mume wangu aliponiacha, nilikuwa nalipigia magoti shati lake.

Banda lilipasuka. Watu walipigana makofi mgongoni. Mtu mmoja alitoka nje kuja kucheka hewani, akanunua kabalagala kwa Federesi huku machozi yanamtoka, akamwita bibi kwa heshima: "Nnyabo, wanawake wengine ni wajinga jamani!" Federesi akampa kabalagala yake. Akamfungia vizuri kwenye gazeti.

Hiyo ndiyo iliyomleta uani kwa Kevina na unga viwikoni.

"Sikuwa na maneno," Kevina alisema sasa, na birika akaliweka chini. "Nisikilize. Wale wanawake walikuwa marafiki, Federesi. Tangu nianze ile kazi nimesema matusi ya wake wenza, nimesema viapo vya wachawi, nayajua yote kwa moyo. Ya marafiki sikuwahi kuyasikia kwenye filamu hata moja. Ningeyatoa wapi? Nilikuwa na yetu tu."

Hilo lilimgusa Federesi, na alichukia kwamba limemgusa.

"Basi kama ni yetu," alisema, "mbona ulisema nusu? Mbona magoti yangu yalikwenda kwenye spika na yako yakabaki nyumbani? Mwanamke aliyekuja na kigae akapiga magoti kando ya mwenzake alikuwa wapi? Alikwenda msalani?"

"Walianza kucheka. Nikapotea."

"Ulipotea! Ulipata utamu."

Kevina alisogeza birika kwa mguu.

"Na nikuambie," alisema baadaye, naye sasa akiwa na ukali kidogo, "jana hakuna aliyejua ni wewe. Leo wanajua. Mtazame yule na ufagio wake."

Mke wa fundi baiskeli akaanza kufagia mahali palipokwisha fagiliwa. Na Federesi akaona kwamba ni kweli, ametoka kwake mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe, akajitangaza uani kwa sauti ya kuita kuku. Hasira zikamwishia miguuni. Akakaa kwenye ngazi.

"Sasa nitafanyaje, Kevina?"

Kevina akaketi kando yake. Walikaa hivyo kama zamani, na pengine yangeishia hapo, kama watu wangekuwa na bahati.

"Jumapili Mboowa anairudia ile filamu, watu wameiomba," Kevina alisema. "Njoo. Ukae benchi la mbele. Nitaisimulia mpaka mwisho. Shati, magoti yako, magoti yangu, msalimie ng'ombe, maji ya ndizi, yote. Wacheke, lakini watacheka na sisi. Nakuapia kwa ile buni."

"Yote?"

"Yote, munnange."

Wiki nzima Federesi aliishi na ahadi hiyo. Sokoni walishaanza: "Maama Robina, shati limeamkaje?" Yeye alijibu, "Subirini Jumapili, wenye haraka." Kikapu cha buni kilikuwa kwake, Kevina alikileta kabla ya haya yote kikiwa na kopo moja la karanga na nyongeza yake. Alikuwa ameshapanga atakirudisha vipi. Angejaza kabalagala, na juu yake angeweka buni mpya alizoahidiwa na mwanamke wa Kalungu. Alikuwa anataka sana kukijaza kile kikapu.

Jumapili, baada ya misa, alivaa busuuti ya bluu, lile gauni refu la Kiganda, akafunga mkanda wake kwa nguvu, akamwachia jiko lake mwanamke wa muhindi wa kuchoma, akaingia bandani. Kwa miaka yote aliyokaa mlangoni pale hakuwahi kukaa benchi la mbele. Watu walimpisha. Wengine waligusana viwiko. Kevina alikuwa pembeni na Mboowa, amejifunga kitambaa kipya kichwani, akamwinulia Federesi mkono kidogo.

Na alianza vizuri. Lazima isemwe. Mwanamke wa mguu alipokuwa anaoshwa, Kevina alimsemea kwa sauti ya chini, sauti isiyotaka kitu kwa mtu. "Maji yasiwe ya moto sana." "Nayajua maji yako, miaka mingapi nakuchemshia?" Federesi alishika ukingo wa benchi. Ndivyo wanavyosema watu. Ndivyo hasa. Nyuma yake mtu alipiga mwayo kwa makusudi, na mwingine akaita, "Shati! Leteni shati!"

"Lipigie magoti!"

"Shati! Shati!" Sasa walikuwa wengi, na miguu inagonga sakafu.

Kevina akafika kwenye shati. Alisimulia jinsi lilivyopigwa pasi, jinsi lilivyotundikwa. Banda likaunguruma. Aliposema "Ssebo, mmeamkaje," kofia zilirushwa. Alisubiri. Akajaribu: "Basi siku moja rafiki yangu akaja kuomba kaa la moto..."

"Rudia!" wakapiga kelele. "Rudia shati!"

"Rafiki yangu akaja, akaweka kigae..."

Miluzi. Mboowa akamgusa begani, akazungusha kidole hewani: rudi, rudi nyuma. Kule kwenye televisheni midomo ya Wazungu ilikuwa inaendelea kutikisika bila mtu wa kuisemea. Kevina akamtazama Federesi. Mwanga wa televisheni ulikuwa usoni mwao wote wawili, hakuna aliyeweza kusema hakumwona mwenzake. Federesi akatikisa kichwa. Kidogo tu. Usirudi.

Kevina akainua maikrofoni.

"Ssebo, mmeamkaje? Chai mtakunywa kavu au na maziwa? Mbona mikono yenu inaning'inia hivyo, ssebo, mmepungua?"

Na hakuisema kwa sauti ya Mzungu wa mguu. Aliisema kwa sauti ya Federesi. Kile kikohozi kidogo cha kuanzia, ile namna ya kuvuta neno la mwisho kama anavuta ndoo kisimani, vyote. Maneno ya chai hayakuwahi kuwepo, yalitungwa pale pale, na yalikuwa matamu, kipaji kile si cha mchezo. Vichwa vya banda zima vikageuka kuelekea benchi la mbele.

Federesi akasimama. Kivuli chake kikaangukia televisheni. "Kaa chini, mke wa shati!" mtu aliita. Alikwenda mpaka pale pembeni, karibu kabisa, akasema bila kupaza sauti, "Na magoti yako, Kevina?"

Kevina akaiondoa maikrofoni mdomoni. Alikuwa anahema kama mtu aliyecheza ngoma. Macho yake yalikuwa yanang'aa, na hayakuwa machozi.

"Federesi, watu wamejaa. Nitayasema mwishoni."

"Mwisho ulikuwa ndio huo."

Akatoka. Nyuma yake pazia halijatulia, akasikia sauti yake mwenyewe kwenye spika ikiliuliza shati kama litakula matooke kwa mchuzi wa karanga.

Kwenye jiko lake mwanamke wa muhindi alikuwa ameunguza kabalagala zote. Federesi hakumlaumu. Alizifuta mkaa moja moja akazila mwenyewe, amesimama.

Mboowa alikuwa ameirekodi. Hiyo ndiyo kazi yake, hurekodi, hunakili, huuza, na ile diski ikaenda Masaka, ikaenda Kyotera, ikapanda malori mpaka mpakani. Inawezekana ilifika Lyantonde, ikachezwa kwenye hoteli ya barabarani, na Ssekitto akacheka na wengine. Federesi alilifikiria hilo mara moja tu, akalikataza kurudi.

Robina, aliyekuwa anashona nguo Masaka, alikuja Jumamosi. Hakukaa.

"Maama, ni kweli?"

"Kweli ipi?"

"Ya shati la taata."

Federesi akamsimulia. Alimsimulia kuanzia msumari mpaka maji ya ndizi, hakuruka kitu, hata msalimie ng'ombe, ila jina la mwenzake. Robina alicheka mahali pa kucheka, kisha akafuta macho kwa leso ya mama yake.

"Kwenye diski nusu hiyo ya pili haimo," alisema. "Ni nzuri kuliko yote. Huyo aliyepiga magoti na wewe ni nani?"

"Rafiki niliyekuwa naye."

Robina akaikunja leso, akamrudishia mama yake.

Federesi alihamisha jiko. Alilipeleka ng'ambo ya barabara, karibu na mashine ya kusaga, ambako wateja wana unga kwenye kope na hawana habari na filamu. Walioipenda kabalagala yake walivuka barabara. Walioupenda utani walivuka pia mwanzoni, wakamkuta na mwiko wa moto na jibu la moto zaidi, wakaacha. "Shati limeamkaje?" kijana mmoja alimwuliza, naye akasema, "Limeamka vizuri, linauliza lini utanunua la kwako," na foleni ikacheka upande wake. Mdomo ulikuwa umerudi. Mdomo si kila kitu, lakini ni mwanzo.

Kevina hakuja. Alituma salamu, kwanza kwa mke wa fundi baiskeli, watu hawana haya, kisha kwa mmoja wa mapacha wake. Federesi alimpokea yule mtoto wa watu kwa adabu, akampa kabalagala, hakumpa jibu la kupeleka.

Kilichobaki ni kikapu. Kilikuwa kwenye rafu, kinamtazama kila alipoinama kuchukua chumvi. Alikuwa anadaiwa. Mtu mwingine angekirudisha kitupu, na hilo lingekuwa tusi, na matusi huita majibu, na majibu huita mazungumzo. Federesi hakutaka mazungumzo.

Alikwenda sokoni kwa muuzaji mwingine akanunua karanga. Nyumbani alichukua kopo la maziwa ya unga, lile lile la kipimo cha sokoni, akalijaza. Akapitisha kiganja juu yake, karanga zilizozidi zikaanguka kwenye meza. Akazimimina zile za kopo kwenye kikapu, akaweka kifuniko, akavaa busuuti ya bluu.

Kevina alikuwa kwenye kibanda chake cha karanga. Alipomwona akasimama haraka mpaka goti lile la kushoto likalia.

"Maama Robina! Karibu, kaa hapa, ngoja nifute..."

"Hujambo, Nnaalongo."

Kevina alisikia. Katika maisha yao yote Federesi hakuwahi kumwita Nnaalongo.

"Nimekuletea kikapu chako."

Kevina akakipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Akafunua. Mwanamke aliyeuza karanga maisha yake yote hahitaji kupima. Alitazama tu, akatikisa kikapu kidogo, akatazama tena. Kila muuzaji wa Nyendo, hata mchoyo, hata kwa mgeni anayepita na basi, hutia ngumi moja ya nyongeza juu ya kopo.

"Na nyongeza?" aliuliza, akajaribu kucheka. "Umeila njiani?"

"Hakuna nyongeza. Uliniletea kopo, nimekurudishia kopo."

"Na nyongeza yangu niliyokutilia mimi?"

"Hiyo ulishajilipa."

Kevina akasimama na kikapu kifuani. Kisha akageuka, akaanza kupekuapekua nyuma ya magunia kwa haraka. "Ngoja, ngoja kidogo, usiondoke, nikutilie kitu. Nina simsim hapa, ufuta wa Waacholi, mzuri, nilikuwekea..."

"Usitie kitu, nnyabo."

"Kidogo tu. Kirudi kwako na kitu."

"Hatudaiani," Federesi alisema, kwa upole, kama anavyomwambia mteja aliyekosea chenji. "Kimefika kwenu. Kikae."

Wanawake wa vibanda vya jirani walikuwa wameacha kupanga mafungu yao. Ng'ambo ya soko spika ya Mboowa ilikuwa inajaribiwa, moja mbili, moja mbili. Kevina aliisikia, na alikuwa anatakiwa huko muda si mrefu, na hakusogea. Simsim ilikuwa inamvuja katikati ya vidole.

Federesi aliwaaga watu wote wa pale, mmoja mmoja, kama mtu mwenye adabu zake, akashika njia ya kurudi kwenye jiko. Njia ile alikuwa amezoea kuipita na kitu mkononi, kwenda au kurudi. Mikono ikakosa kazi. Akaiingiza ndani ya mkanda wa busuuti, akatembea nayo hivyo mpaka kwenye mashine ya kusaga, ambako tayari kulikuwa na mtu anangoja.